Siku Nilipoyang'oa Matoka

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia nafunika uso kwa leso na kucheka peke yangu, mpaka wajukuu wananiuliza kuna nini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona nimejua kila kitu. Jumanne hiyo nilikata miti mizee, nikasafisha kona ya uwanja iliyokuwa imesahauliwa, nikaanza kuitengeneza kwa gharama ndogo sana mpaka ikapendeza. Na kwa mikono hiyo hiyo nilikaribia kuvunja ndoa ya wifi yangu kabla haijaanza.

Nakueleza haya kwa sababu nimeiona ile picha uliyonitumia kwa simu. Umepata kipande chako cha shamba, kuna kona yenye miti mizee na vichaka, na unataka kuikata yote upate mahali pa kukaa jioni. Vizuri sana. Mimi si mtu wa kumkataza kijana kushika panga; ninachokataza ni uvivu. Lakini keti kwanza, chai bado haijachemka.

Mimi niliolewa hapa juu ya Nyeri nikitoka Timau. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta katika shamba la ngano, na sisi tulikulia kwenye nyumba za wafanyakazi. Huko mpaka ni seng'enge. Ukiiona unajua umefika mwisho, huhitaji mtu wa kukueleza. Shamba letu wenyewe hatukuwa nalo, wala jirani wa kupakana naye. Kwa hiyo nilipofika huku nilijua kufua, kupika na kuimba kwaya, lakini mambo ya ardhi ya watu sikuyajua hata kidogo.

Mama mkwe wangu, Mungu ailaze roho yake pema, tulimwita Maitu, jinsi watu wa huku wanavyomwita mama. Alikuwa mjane. Mwaka huo binti yake Nyawira alikuwa amepata mchumba kutoka Mwea, kijana wa wakulima wa mpunga, na Jumamosi ya wiki hiyo watu wa kijana walikuwa waje kwa ruracio, kuzungumzia mahari. Sasa, nyumba haizungumzii mahari kwa mdomo wa mjane, wala kwa mdomo wa kijana kama mume wangu alivyokuwa. Anatafutwa mzee. Mzee wetu alikuwa Ndirangu, rika moja na marehemu baba mkwe, jirani ambaye shamba lake limepakana na letu upande wa chini. Yeye ndiye angetusemea.

Na hiyo kona ya chini, mwanangu, ilikuwa aibu. Kulikuwa na miwati minne mizee, ile miti ambayo zamani watu walipanda ili kuuza magome. Magome yakakosa soko, miti ikabaki inazeeka tu, mmoja umeinama, mwingine umeoza katikati. Chini yake vichaka vilikuwa vimefungamana, na humo ndani kuku walitaga mayai tusiyoyaona mpaka yageuke vifaranga. Viatu vya mpira vya gambuti vilivyotoboka, sufuria zisizo na kitako, kila kilichowachosha watu kilitupwa pale. Nikawaza wageni kutoka Mwea watakaa wapi, na macho yao yataangalia nini.

Jumatatu Maitu alikuwa anakwenda Kangari kumwalika dada yake, arudi Alhamisi. Nikamwomba ruhusa ya kuisafisha kona. Akafurahi. Akafunga leso kichwani, akachukua kiondo chake, kisha akaniambia akiwa mlangoni, "Wambui, ile miti kata, imeniudhi siku nyingi. Lakini kabla hujagusa chini, mwite Mzee Ndirangu awe hapo."

"Ndiyo, Maitu," nikasema.

Sikumwita. Nitakwambia ukweli wote, kwa sababu umri wangu hauniruhusu tena kujipamba. Mzee Ndirangu alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukimsalimia asubuhi anakuachilia saa nne. Angeniuliza habari za Timau, habari za ngano, habari za baba yangu na trekta lake, kisha angeanza hadithi ya kila mti na siku uliyopandwa. Na mimi fundi wa msumeno wa injini nilikuwa nimempata kwa bahati, ana siku moja tu. Nikajiambia hiyo ya kumwita mzee ni heshima tu, nitamwita mwishoni aje aone kazi ikiwa imekwisha. Haraka haraka haina baraka nilikuwa nimeisikia tangu darasa la pili, lakini methali huingia sikioni miaka mingi kabla ya kuingia kichwani.

Na ujanja nilikuwa nao, usidhani! Nilipatana na fundi achukue magogo, hayo ndiyo malipo yake. Mimi nibaki na matawi ya kuni, na anikatie vipande kumi na viwili vya kukalia, vya kimo cha goti. Fundi akacheka, akasema, "Wewe mama utatajirika." Kabla ya kuwasha mashine yake akatazama huku na huku, akaniuliza, "Na huyu mwenye shamba ya hapa chini, anajua tunakata?"

"Anajua," nikasema, na ulimi wangu haukutetemeka hata kidogo.

Kufikia saa nane mchana miti ilikuwa chini, magogo yamepakiwa, fundi amekwenda zake. Nikaingia vichakani na panga. Aaa, mwanangu, hiyo furaha! Mwangaza uliingia mahali ambapo haukuwa umefika miaka mingi. Mlima nao ukaonekana, ambao sikujua unaonekana kutoka hapo. Nilifyeka nikiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya kwanza, na sauti ya kwanza siiwezi.

Vichaka vilipotoka ndipo nikayaona matoka. Unayajua, yale yenye majani mapana marefu na maua meupe yenye mistari ya waridi. Jina lake nililijua, kazi yake sikuijua. Yalikuwa yamepandwa kwa mstari mmoja, lakini mstari wenyewe umepinda huku, ukapinda kule, ukazunguka mahali penye mwamba, ukarudi. Nikasema moyoni, tazama mlevi alivyopanda maua. Nikaona pia kwamba Mungu amenipa maua ya bure.

Nikayang'oa yote. Shina lake ni kitunguu kikubwa kilichozama chini sana, na kwa kila moja nilitoa jasho. Kisha nikayapanda upya, nusu duara nzuri nyuma ya viti vyangu. Mashimo ya zamani nikayafukia, nikayakanyaga, nikayasawazisha kwa reki. Jumatano nikaenda kiwanda cha kahawa, ambako maganda hutolewa bure, nikabeba magunia mawili kwa mgongo na kurudia mengine mawili, nikayamwaga kona nzima ili wageni wasikanyage matope. Mawe nikayatoa mtoni, nikayapaka chokaa. Jioni nikakaa kwenye kiti kimoja na kikombe cha chai, nikatazama kazi yangu, nikaona ni njema.

Maitu alirudi Alhamisi mchana. Alipofika kona ya nyumba alisimama, kiondo kikaanguka, akapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakainua vichwa. "Wambui wangu! Hapa ni kwetu kweli?" Akakaa kiti cha kwanza, akakaa cha pili, akakaa cha tatu, vyote vikamfaa. Mimi nilikuwa nimevimba kwa fahari. Kisha macho yake yakafika nyuma ya viti.

"Hayo matoka umeyatoa wapi?"

"Hapo chini ya miti, Maitu. Yalikuwa yamepandwa vibaya."

Akaniuliza polepole kama nilimwita Mzee. Nikatazama chini.

"Mtoto wangu," akasema, "hayo hayakupandwa yapendeze. Huo ulikuwa mpaka."

Akanieleza, na kila neno lilinipunguza kimo. Babu wa mume wangu na baba yake Ndirangu waligombania ardhi ya hapo miaka mitatu, hawasalimiani, watoto wao hawachoti maji pamoja. Ndipo wazee wa kijiji wakaja, kondoo akachinjwa, na matoka yakapandwa hatua kwa hatua, mmoja anatazama na mwingine anatazama. Tangu siku hiyo hakuna mkono uliowahi kuyagusa. Kwa watu wa huku, anayeng'oa itoka, hata moja tu, amemwambia jirani yake kwamba anataka vita. Na wazee wote waliosimama hapo siku hiyo walikuwa wamekwisha kufa.

"Lakini si kuna hati ya shamba?" nikauliza.

"Hati iko. Lakini mtu wa ofisi hakai karibu na sisi. Anayekaa karibu na sisi ni Ndirangu."

Hapo machozi yakanitoka. Niliona yote kwa mara moja. Jumamosi watu wa Mwea wanakuja na mzigo wao na nyimbo zao, na mzee wa kutusemea amekaa kwake amekasirika, kwa kuwa hakuna mzee anayeweza kuisemea nyumba inayokula ardhi yake. Wageni wangerudi walivyokuja. Nyawira, ambaye alikuwa mjini akishonewa nguo, angerudi kukuta aibu mlangoni. Na nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi zingerudi kwenye ile miaka mitatu.

"Nitayarudisha sasa hivi," nikasema.

"Utayarudisha wapi? Wewe unakumbuka yalipokuwa?"

Nikatazama. Maganda ya kahawa yalikuwa yamelala sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri mno.

Maitu akasimama, akanifuta uso kwa leso yake mwenyewe. "Twende kwake kabla jua halijazama. Na atakayesema ni wewe, si mimi."

Tulimkuta Mzee Ndirangu akikatia ng'ombe wake majani ya nepia. Nikamwambia yote bila kupunguza, kwamba niliambiwa nimwite nikakataa, kwamba nilimdanganya fundi, kwamba nimeyang'oa yote na sijui yalikuwa wapi. Akaweka panga chini. Akanyamaza. Mtu wa maneno mengi akinyamaza, mwanangu, ogopa. Nilisikia ng'ombe akitafuna.

"Twende nikaone," akasema.

Akaizunguka kona yangu akichokora maganda kwa fimbo. Akatazama visiki vinne vya miwati, akatazama matoka kwenye nusu duara yake. Kisha akanigeukia. "Uliambiwa uniite. Mbona hukuniita?"

Nilitafuta uongo mzuri, nikaukosa. "Guka," nikamwambia, maana ndivyo huku wanavyomwita babu, "niliogopa utaongea sana na fundi aende."

Maitu alishika mdomo. Mzee akanitazama, akatazama Maitu, akanitazama tena, halafu kicheko kikamtoka mpaka kofia ikaanguka. "Ngai! Na miaka hii yote watu wananiambia eti niko na hadithi tamu! Ni huyu mtoto wa Timau peke yake amenipa ukweli!"

Alipomaliza kucheka akapanguza macho, na uso wake ukawa wa mzee tena. Maneno aliyosema nayakumbuka mpaka leo. "Ningeongea sana, ndiyo. Ningekuchosha. Na katikati ya hayo mengi ningesema moja: hapa usiguse. Nyinyi vijana mnataka hilo moja bila hayo mengine. Mzee hana maneno ya kuchambua kama maharagwe, mtoto wangu. Mimi mwenyewe sijui lile la maana litatoka saa ngapi. Ndiyo maana unakaa unasikiliza."

"Ndirangu, tusamehe," Maitu akasema.

"Kosa moja haliachi mke," akajibu, "wala haliachi jirani. Sasa tutafute huo mpaka."

Hapo ndipo ilipoanza sinema. Mimi niliyang'oa matoka tena, nikayapanga kwenye karai, nikasimama kungoja nionyeshwe. Maitu akaenda akachimbia kisigino ardhini. "Yalianza hapa." Na hapo, mwanangu, hata mimi niliyepoteza mstari niliona palikuwa kama hatua mbili nzima ndani ya shamba letu!

"Haiya!" Mzee akaruka. "Unanipa shamba ya marehemu rafiki yangu? Yalianza hapa." Akachimbia kisigino chake, hatua mbili ndani ya shamba lake mwenyewe.

"Ndirangu, mimi nimelima hapa miaka arobaini."

"Na mimi nimezaliwa hapa! Wewe uliletwa!"

"Nililetwa nikiwa na macho. Kisiki hiki kilikuwa chako nusu."

"Kisiki hiki ni chako chote, na usinibishie mbele ya mtoto!"

Walibishana hivyo mpaka ng'ombe wa Mzee akaanza kulia akitaka kukamuliwa. Kila mmoja anamsukumia mwenzake ardhi, kila mmoja amekasirika kweli kweli kwamba anapewa zaidi ya haki yake. Mimi na karai langu nilianza kwa kulia, nikamalizia kwa kucheka mpaka nikaketi chini kwenye maganda. Nimeona watu wakienda kortini kwa sababu ya upana wa unyayo. Ugomvi wa namna ile sikuwahi kuuona kabla, wala sijauona tena.

Mwishowe wakapatana: katikati ya kisigino hiki na kisigino kile. Nikapanda mimi, wao wakitazama. Nikataka kuvuta kamba, Mzee akanipigia fimbo ardhini. "Usivute kamba! Upinde hapa. Upinde na hapa, kwa ule mwamba. Mpaka wa watu haunyooki." Nilipofika mwisho tukaona kwamba viti vyangu sita viko kwetu na sita viko kwake. Nikaanza kuvihamisha, akanizuia. "Wacha. Wageni wenu wakikaa kwangu, kwani wataliwa?"

Faini nilipigwa, usifikiri nilipona hivi hivi. Mzee alisema uji uliochachuka, kibuyu kizima, upikwe kwa mkono wangu, na mimi uji huo sikuwa najua hata unaanzia wapi. Maitu alinisimamia Ijumaa tangu asubuhi. Wazee wawili wa kijiji wakaja kushuhudia mpaka mpya, na vijana wa nyumba zote mbili wakaitwa waje waone, akiwemo mume wangu aliyekuwa amefika tu kutoka kazini mbali, alikokaa wiki nzima. Uji ulikuwa mkali mpaka mzee mmoja akafumba jicho, lakini kibuyu kilirudi kitupu.

Na Jumamosi! Watu wa Mwea walifika wakiimba tangu barabarani, magunia ya mchele mabegani. Wakakaa kwenye viti vya miwati, wakasifu maua, wakasifu mlima. Mzee Ndirangu akachagua kiti kilicho upande wake wa matoka, akatandika koti lake, akanyoosha miguu. "Karibuni nyumbani kwa Nyawira," akasema. "Leo nawasemea hawa jirani zangu nikiwa nimekaa kwangu mwenyewe, kwa hiyo msijaribu kunifukuza." Wageni hawakuelewa, lakini sisi wa nyumbani tulicheka mpaka mume wangu akalazimika kukohoa.

Alizungumza siku nzima. Aliuliza kama kijana wao aliyezoea wali ataweza githeri ya binti yetu, mahindi na maharagwe kila siku, na mzee wa Mwea akajibu kwamba watanunua sufuria mbili. Aliruka akaenda kwenye mbuzi, akarudi kwenye mvua, akaenda kwenye hadithi ya babu yake, akarudi kwenye mbuzi. Wanawake wenzangu jikoni walikuwa wanaguna kwamba mzee huyu hamalizi. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani na mwiko mkononi, naomba asinyamaze. Kila neno lake lilikuwa linatwambia kwamba hakuna vita. Jioni Nyawira alikuwa na mume, na vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Sasa wewe na kona yako. Kata miti iliyooza, kabla haijamwangukia mtu. Mpe fundi magogo, bakisha viti na kuni. Maganda ya kahawa bado ni ya bure kwa wanaojua kuomba vizuri. Pesa zako zitunze. Lakini muda usiufanyie ubahili, mwanangu, hapo ndipo mimi nilipokosea. Kabla hujaondoa kitu usichokipanda, mwite jirani, mwite mzee, umwekee kiti, umpe chai, umwache azungumze mpaka achoke yeye, si wewe. Kilichopandwa kikipinda, uliza kilipindia nini. Aliyepanda akiwa amekufa, mtafute aliyemjua, kwa maana kuuliza si ujinga, na penye wazee haliharibiki neno. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, nenda mwenyewe kwa miguu yako siku hiyo hiyo, useme ukweli hata ule unaochekesha. Usimtume mtu, wala usingoje akusikie kwa wengine.

Njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu abariki panga lako na jembe lako. Mikono yako isikose kazi, viti vyako visikose watu, na kila siku ya haraka yako Mungu akuletee mlangoni mzee mmoja wa kukuchelewesha. Sema amina. Haya, chai imechemka.